Kipimajoto, ua la njano na wazee wanaocheka: je, wananidharau?

*"Shikamoo mama. Mimi ni nesi kutoka Tanzania, nina mwaka na miezi huku Uingereza, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kila Jumapili mchana wanawekewa filamu za zamani. Juzi wakaweka moja nyeusi na nyeupe inaitwa Carry On Nurse, mwishoni kuna mgonjwa kalala kifudifudi anajua anapimwa joto kule nyuma kumbe kachomekwa ua. Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Mimi sikuona cha kuchekesha, niliona aibu. Kesho yake napita na kipimajoto cha sikioni, mzee mmoja akaniuliza 'leo hujaja na ua?' wenzake wakaangua kicheko, na tangu siku hiyo nikipita tu ananiita kwa kuvuta sauti, 'uuuuu Metroni!'. Mwenzangu Mkenya anasema niripoti huo ni unyanyasaji, mwingine mzungu anasema ni utani tu nisiwe mgumu. Je, wananidharau? Ni kweli manesi wa zamani walikuwa wanafanya vile? Na nifanye nini?"*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nilicheka, unisamehe, mara ya pili nikaacha kucheka maana nikakumbuka na mimi nilivyokaa siku ya kwanza kuiona filamu hiyohiyo. Nilikuja huko kusomea unesi mwaka 1974, tulikuwa tunakaa hosteli ya manesi, chumba cha televisheni kimoja, wasichana kutoka Ireland, Barbados, Malaysia na mimi wa Tanga peke yangu, wakaiweka siku za Krismasi. Kufika pale kwenye ua wenzangu wako chini wanagaragara na mimi nimekaa wima na sahani ya keki mapajani najiuliza hawa wana akili kweli? Kwa hiyo najua unachosema.

Sasa umeniuliza mambo matatu kwenye kapu moja, filamu, kipimajoto na huyo mzee. Na wenzako wote wawili wamekujibu haraka mno, mmoja anasema ripoti mwingine anasema meza, hakuna aliyekuuliza mzee amefanya nini hasa na wewe moyoni ulisikia nini. Tuyatenganishe.

Tuanze na filamu, maana naona umeangalia mwisho tu (ulikuwa unagawa chai bila shaka). Yule mgonjwa wa mwisho ni Kanali. Yuko chumba chake peke yake, analipia, wakati wenzake wote wamelazwa kwenye wodi moja ndefu ya wanaume. Hana ugonjwa wa kutisha, kazi yake ni kubonyeza kengele na kubeti farasi. Anapiga kengele nesi aje kumfanyia hiki, akitoka tu mlangoni kengele tena, na mhudumu wa kiume anatumwa kumpelekea mikeka yake ya farasi. Filamu nzima anawasumbua hivyo. Siku ya mwisho manesi wawili wanaingia wanamwambia leo joto linapimwa kwa njia ya nyuma, naye ni mwanajeshi, amri ni amri, anageuka na heshima zake zote. Kipimajoto hakionekani. Kinachoonekana ni manesi wanatoka wanakimbia wamejibana midomo. Halafu anaingia Matron, bosi wa manesi wote, anasimama, anatazama. Kanali anamuuliza, ebo, hujawahi kuona mtu akipimwa joto namna hii? Matron anamjibu nimeona mara nyingi tu Kanali, lakini si kwa dafodili. Na filamu inaishia hapohapo.

Dafodili ni yale maua ya njano yenye kikombe katikati, utayaona yamejaa kandokando ya barabara baridi ikianza kupungua.

Haya niambie, hapo nani anachekwa? Nesi hachekwi. Anachekwa bwana mkubwa mwenye cheo na pesa na chumba chake, aliyelala bila suruali anadhani bado yeye ndiye anayetoa amri. Wanaomcheka ni wasichana wa mshahara mdogo aliokuwa anawaita kwa kengele kama mbwa. Na angalia tena Matron, mkali kuliko wote hospitali nzima, hafokei mtu, hasemi nani kafanya hivi, anatania na yeye. Mimi ilinichukua miaka kuliona hilo. Siku nilipoliona nilikuwa nimetoka kuhudumia mgonjwa wa chumba cha kulipia aliyenipigia kengele mara kumi na nne nimsogezee pazia, na nakuhakikishia siku hiyo kwenye chombo cha maua cha koridoni kulikuwa na dafodili na nilizitazama kwa macho mengine kabisa.

Na hii haikutungwa na mtu aliyekaa mbali na wodi. Aliyeandika, Norman Hudis, mke wake alikuwa nesi, na visa vingi vilitoka kwake, si unajua nesi akirudi nyumbani usiku anavyosimulia huku kavua viatu. Ndo maana ukiiangalia vizuri utakuta vitu vidogo vya kweli, yule mwanafunzi anayeangusha kila kitu (Joan Sims), kelele za vyombo asubuhi, mgonjwa mwenye redio masikioni yuko dunia yake, msomi mwenye vitabu kitandani anayejua kila kitu mpaka anabishana na Matron. Kuna mwingine ana nundu kwenye kidole gumba cha mguu, anataka apasuliwe haraka awahi kutoka na msichana wake, basi wenzake wamelewa shampeni usiku wanaamua kumpasua wenyewe, wanafungulia gesi ya kucheka, operesheni inaishia vicheko. Hiyo si kweli bila shaka, lakini hofu iliyo ndani yake ni ya kweli, kila aliyewahi kusubiri kupasuliwa anaijua.

Kwa nini wazee wako wanacheka hivyo mpaka leo? Hesabu miaka. Huduma ya afya ya bure ya Uingereza, NHS, ilianza tarehe 5 Julai 1948. Filamu imetoka 1959. Miaka kumi na moja tu! Tajiri na maskini kwa mara ya kwanza wanalala kwenye taratibu moja, pajama moja, bakuli moja la haja, wote wanaamshwa alfajiri na wote wanamuogopa mama mmoja. Watu wakaenda sinema kujicheka wenyewe, mwaka ule hakuna filamu iliyoingiza watu kuliko hiyo Uingereza nzima, na ilipopelekwa Marekani watazamaji wakawa wanagawiwa dafodili za plastiki mlangoni. Mzee wako wa miaka themanini na kitu alikuwa kijana wakati huo, pengine aliiona na mchumba wake, pengine huyo mchumba keshazikwa. Anacheka ua lakini anacheka na mengine ambayo wewe na mimi hatuyaoni.

Sasa hilo jina. Kwetu ukisema metroni mtu anamfikiria yule mama wa bweni anayekupekua sanduku kutafuta simu, au yule anayesimama na bibi harusi kumrekebishia shela. Kwa Waingereza wa umri huo Matron alikuwa mkuu wa manesi wote wa hospitali, na madaktari wengine walikuwa wanajificha akipita. Nilipofika mimi cheo kilikuwa kimeshafutwa kwenye makaratasi, ripoti ya mwaka 1966 ilipendekeza vyeo vipya vya kiofisi, lakini mdomoni watu walibaki na Matron hivyohivyo. Wa kwetu alikuwa mwembamba, ana miwani ya mnyororo. Asubuhi ya siku ya ukaguzi tulikuwa tunazungusha magurudumu ya vitanda yote yaelekee upande mmoja, mdomo wa foronya usitazame mlango, shuka zikunjwe kona mpaka mgonjwa hawezi kusogeza vidole vya miguu, na mgonjwa akitaka kukojoa dakika hiyo asubiri. Nilishawahi kumwona mzee wa watu mwanajeshi mstaafu ananyoosha mikono kwenye mapaja amelala kikakamavu kama yuko paredi kwa sababu Matron kaingia wodini. Ndo huyo kwenye filamu, aliigiza Hattie Jacques, na akaigiza mametroni kwenye filamu zote nne za hospitali za mfululizo ule wa vichekesho wa Carry On, kwa hiyo sura yake ikawa ndiyo sura ya cheo.

Huo mvuto wa sauti wa "uuuuu Metroni" nao una mwenyewe, ni Kenneth Williams, yule msomi mwenye vitabu, katika filamu za baadaye anaigiza madaktari, sauti inatokea puani. Waingereza wanaigizana hiyo sauti hata sokoni, mtu akiteleza neno lenye maana mbili mwenzake anadakia "uuu Metroni" na maisha yanaendelea. Kwa hiyo anapokuita hivyo hajakutukana, kakupandisha cheo cha kale cha kuogopwa. Kama anakupandisha kwa mapenzi au kwa kukuchokoza hilo utalijua wewe uliyeko pale.

Kipimajoto sasa. Ni kweli na si kweli. Kupima kwa njia ya haja kubwa kulikuwepo na kupo, kwa watoto wachanga, kwa mtu aliyezimia au anayetetemeka hawezi kufumba mdomo kwenye kioo, na wanapotaka joto la ndani ya mwili kabisa, maana kule linasoma juu kidogo kuliko mdomoni, kama nusu digrii hivi. Lakini mtu mzima mwenye akili zake anayebeti farasi? Chini ya ulimi au kwapani, basi. Wakati wetu kila kitanda kilikuwa na kipimajoto chake cha kioo chenye zebaki, kinakaa ukutani kwenye kijibomba chenye dawa ya kuulia vijidudu, unakikung'uta kwa kiwiko mpaka zebaki ishuke, unakiweka, unasubiri dakika zako huku unahesabu mapigo. Na kilichokuwa kinawekwa nyuma hakikuchanganywa na cha mdomoni, kilikuwa na alama ya rangi, ole wako ukosee. Kanali angekuwa mjuzi angejua anadanganywa tangu sentensi ya kwanza. Hakujua, kwa sababu hakuwahi kujishughulisha kujua manesi wanafanya nini zaidi ya kuja wakiitwa. Mimi naona hapo ndo penye utamu wa kisa chote.

Umesema uliona aibu. Sikulaumu, umelelewa vizuri. Ila usidhani Waingereza wa enzi ile walikuwa hawana aibu, kinyume chake, aibu ndiyo iliyozaa utani huu. Kulikuwa na bodi ya kukagua filamu, kulikuwa na sheria za uchafu, yule mchoraji wa kadi za posta za pwani zenye wanawake wanene na mabwana wadogowadogo, Donald McGill, alishtakiwa Lincoln mwaka 1954 akapigwa faini kwa maneno yenye maana mbili tu, na hiyo ni miaka mitano kabla ya filamu yako. Sasa ukizuiwa kusema kitu utafanyaje? Unakisema pembeni. Unasema ua, kila mtu anaona kisichoonyeshwa. Mtu wa pwani hafundishwi hilo, mwanangu. Bibi yangu alikuwa hawezi kutamka neno moja la matusi lakini akivaa kanga yake na kupita mbele ya nyumba ya jirani maandishi yanasema yote, na kwenye taarabu mama akiinuka kwenda kutunza ubeti fulani ukumbi mzima unajua anamtunzia nani. Fumbo mfumbie mjinga. Tofauti ni kwamba sisi fumbo letu mara nyingi linamlenga mtu, la kwao linalenga mwili, makalio, chooni, pajama kudondoka, wanacheka mwili unavyomwaibisha mtu aliyejiona mkubwa.

Lakini nisikuuzie filamu hizi kama dawa. Hudis aliandika sita za mwanzo, halafu akaja Talbot Rothwell na mambo yakawa makali zaidi. Carry On Doctor ya 1967 ni ya rangi, nesi wake Barbara Windsor anaingia kwenye filamu kwa mwendo wa kiuno na kazi yake kubwa mle ndani ni kutazamwa. Ile ina kituko kimoja kizuri, mgonjwa Frankie Howerd anamwona nesi anakuja na dafodili anakataa katakata, anasema filamu ile aliiona! Na mwishoni wagonjwa wanawaasi Matron na dokta mkuu, hapo nilipiga makofi. Ila kufika Carry On Matron ya 1972, majambazi wanataka kuiba vidonge vya uzazi wa mpango hospitali ya wazazi, mmoja anavalishwa sare ya nesi ili aingie, na daktari mmoja anamwandama. Tuliokuwa tunavaa sare ile ya kweli tulilipa. Nilikuwa nashuka basi jioni na kapelo mkononi nasikia vijana nyuma yangu wanaiga zile sauti za filamu, na mmoja siku hiyo hakuishia kwenye sauti. Kwa hiyo huyo mwenzako anayesema ni utani tu, usiwe mgumu, mwambie Mama wa Tanga anasema utani ulikuwa na bei na haukulipwa na waliocheka.

Na kingine, kwenye wodi ile ya 1959 hakuna nesi wa rangi yetu mwenye sehemu ya maana ya kusema, wakati hospitali zenyewe zilikuwa tayari zinachukua wasichana kutoka Karibiani miaka hiyo. Pengine nawe ulipokuwa unagawa chai uliliona hilo ukashindwa kulitaja.

Basi huyo mzee. Kwa ulivyoniandikia, amefanya vitu viwili, ameuliza ua na anakuita Metroni. Hajakugusa, hajasema kuhusu mwili wako, hajataja rangi yako wala kwenu. Kwa macho yangu hiyo inaweza kuwa mlango, mzee amekuona upo chumbani siku ya filamu, amekuhesabu kuwa mmoja wa waliokuwepo. Inaweza pia kuwa anakujaribu. Njia ya kujua ni moja, mwambie mara moja kwa utulivu, si mbele ya kundi, kwamba lile la Metroni sawa lakini la ua hulipendi (au yote hupendi, uamuzi ni wako). Mtani akisikia hivyo anaacha, anaweza hata kuomba radhi. Akizidisha kwa sababu sasa anajua linakuuma, huyo si mtani tena.

Halafu kuna wazee ambao breki zimekatika. Dimenshia, yaani ugonjwa wa akili kupotea uzeeni, hasa ile inayoshika sehemu ya mbele ya ubongo, inaondoa kile kinachomzuia mtu kusema na kushika. Hapo mazungumzo hayasaidii na hasira zako zitapotea bure, lakini haina maana unyamaze. Andika. Tarehe, saa, alisema nini, ulikuwa unafanya nini, nani alikuwepo. Mpe meneja ili mpango wa huduma wa yule mzee ubadilishwe, waingie wawili, au aogeshwe na mwanaume. Ugonjwa unaeleza kwa nini amefanya. Hauondoi haki yako ya kulindwa.

Siku akikugusa, au akikuonyesha kitu, au maneno yakashuka kwenye maziwa yako na rangi yako, au mfanyakazi mwenzio ndiye aanze hayo "maua", usiniandikie mimi kwanza, mimi niko mbali nina magoti mabovu. Nenda kwa meneja siku hiyohiyo, kwa maandishi. Tangu tarehe 26 Oktoba 2024 mwajiri huko ana wajibu wa kisheria kuchukua hatua za kuzuia unyanyasaji wa kijinsia kazini kabla haujatokea, asikuambie "tusubiri tuone". Jiunge na chama cha wafanyakazi, UNISON (cha wafanyakazi wa huduma za umma) au RCN (cha manesi), ujiunge sasa ukiwa huna shida maana wengi wao hawasaidii shida iliyoanza kabla hujajiunga. Ipo ACAS pia, shirika la ushauri wa mambo ya kazi, wanashauri bure kwa simu. Na usikawie, muda wa kupeleka kesi kwenye baraza la kazi ni mfupi. Najua unachokifikiria, viza yako imefungwa kwa mwajiri. Hapo kaa na mshauri wa uhamiaji anayetambulika, ana kwa ana, kabla hujatishwa na mtu yeyote, maana vitisho vingi vya "tutakurudisha kwenu" vinategemea wewe kutojua.

Ila kama ni mzee tu na kicheko chake na chai yake, na ukikaa ukajikuta hata wewe unataka kucheka kidogo, ruksa. Jumapili ijayo omba dakika kumi ukae uangalie kuanzia mwanzo, uone Kanali anavyobonyeza ile kengele. Halafu Jumatatu pita na kipimajoto chako, na akikuuliza leo ua liko wapi, usimjibu haraka, mwekee sikioni kwanza, subiri kilie, andika namba yake kwenye chati, ndo umwambie kwa sauti ya kikazi kabisa: dafodili zinachanua Machi, babu, jina lako nimeshaliandika kwenye foleni.